Siku moja wodini: dengi ikisemwa imepanda kichwani

Saa 1:00 asubuhi. Kupokezana zamu. Masika ya Dar es Salaam yakija na dengi, kama mwaka 2014 na 2019, kila kitanda huanza na swali moja: leo siku ya ngapi ya homa? Kati ya siku ya 3 na ya 7 mishipa ya damu huvuja majimaji, na mara nyingi homa imeshashuka. Ndugu hufurahi kuwa mgonjwa amepoa. Hapo ndipo sisi tunapomkazia macho.

Saa 2:30. Kitanda cha dirishani, siku ya 5. Jana aliongea vizuri. Leo anaitika jina lakini anadhani yuko sokoni. Barua ya rufaa inasema "malaria imepanda kichwani". Kipimo cha malaria kimerudiwa, hakuna kitu. Tunaanza na sukari ya kidole, kwa sababu ni dakika 1 na ikishuka inaua: 5.2, iko sawa. Presha 110/70. Ingekuwa 90/70, tofauti ya 20 tu, huo ni mshtuko (damu haizunguki vya kutosha), na ubongo unakosa damu hata kama namba ya juu haitishi. Fahamu 14 kati ya 15. Damu inakwenda maabara: sodiamu (chumvi ya damu), ini, figo, chembe sahani (zinazogandisha damu).

Kwenye karatasi ya dawa kuna diklofenaki kutoka zahanati. Inafutwa. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu. Homa ya dengi ni parasetamoli tu.

Saa 5:00. Sodiamu 121, chini sana, na hiyo inatosha kumchanganya. Siku 3 nyumbani amenyweshwa maji matupu, jagi kwa jagi, huku akitapika. Wenye dengi wapewe ORS, madafu, uji, juisi. Maji peke yake hayatoshi. Sodiamu tunaipandisha polepole, isizidi 8 kwa saa 24, maana ikikimbizwa huharibu neva ndani ya ubongo.

Daktari mgeni anaomba kipimo cha maji ya uti wa mgongo. Chembe sahani ni 28,000. Chini ya 50,000 sindano ile inaweza kuacha damu ikibana neva za mgongo, kwa hiyo inasubiri. Akipata degedege, au mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, anakwenda CT, picha ya kichwa, mara moja.

Saa 9:00 alasiri. Kliniki. Mama aliyepona dengi wiki 2 zilizopita anashindwa kupanda daladala. Nyundo chini ya goti: mguu hauruki. Hii inaelekea Guillain-Barré, kinga ya mwili ikishambulia neva. Potasiamu inapimwa pia, kwani ikishuka nayo hulegeza miguu na dawa yake ni rahisi. Kupima nguvu ya kupumua, anavuta pumzi moja na kuhesabu kwa sauti: 27. Analazwa, na hesabu hiyo inarudiwa kila saa 4. Ikikaribia 20, ICU (wodi ya mahututi) waitwe kabla hajaanza kuhema.

Saa 12:00 jioni. Sodiamu 124. Kijana wa kitanda cha dirishani anajua yuko hospitali.