Ngege wa Nyuma ya Mafunjo

Mama yangu hajawahi kumwita mbuta samaki. Ukimpikia atakula na kukushukuru, lakini dada yake akimpigia simu jioni na kumuuliza wamekula nini, atajibu, "Tumekula mbuta." Samaki, kwake, ni ngege, mbiru, ningu na kamongo. Babu yangu, mvuvi wa Asembo, ndiye aliyekuwa akiwaleta nyumbani enzi za utoto wa Mama. Mbuta, yaani sangara, aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila pembe ya upande wetu. Ngege alikuwa tayari amepungua kwa kuvuliwa kupita kiasi, mbuta akammalizia. Mimi nimekulia Kisumu nikilisikia jina la ngege kama jina la mjomba aliyefariki kabla sijazaliwa.

Kwa hiyo Mwalimu aliponiambia, Desemba 2018, kwamba ngege bado yupo Kanyaboli, nilimwambia aache mzaha. Akasema, "Twende ukamwone."

Tulikuwa wanne. Mwalimu, rafiki yangu tangu darasa la pili, anafundisha baiolojia. Fundi anatengeneza injini za boti pale Dunga. Wa tatu ni shemeji yangu, muuguzi, na wa nne ni mimi. Mteja mmoja wa Fundi alikuwa amehama nchi akamwachia kayaki mbili za plastiki, za watu wawili wawili, moja ya manjano na moja ya kijani. Mwaka ule mzima tulikuwa tunapiga makasia Jumapili asubuhi kutoka Dunga, siku ambazo magugumaji yalituruhusu kupita, na kurudi kabla ya upepo wa alasiri. Sasa tulikuwa na siku tatu za likizo. Tukazifunga kayaki juu ya pikapu kwa kamba za mpira, tukashika njia ya Maseno kuelekea Siaya.

Ziwa Kanyaboli liko ndani ya kinamasi cha Yala, pale mto Yala unapotawanyika kabla ya kulifikia Ziwa lenyewe. Kinamasi hicho kina maziwa madogo matatu, Kanyaboli, Namboyo na Sare, na Kanyaboli ndilo kubwa kuliko yote, kama kilomita kumi za mraba. Ukiyatazama kwenye ramani unaona kana kwamba Ziwa Victoria lilirudi nyuma siku moja likasahau maji yake kwenye majani.

Majani yenyewe ni mafunjo, na Mwalimu alitueleza kazi yake njia nzima. Chini ya mafunjo maji ni meusi kama chai ya rangi, na majani yanayooza humo hula hewa yote ya maji. Mbuta anahitaji hewa nyingi, hawezi kuvuka. Ngege huvumilia. Ndiyo maana ukuta ule wa majani ulimkinga miaka yote ambayo huku nje alikuwa anaangamia. Nilimsikiliza nikiwa nimeshika dashibodi. Nilikuwa nikimfikiria Mama.

Ufuoni tulipokewa na mzee mmoja mvuvi ambaye Fundi alimfahamu kupitia watu wa Dunga. Tulimwamkia, "Oyawore, Jaduong'," yaani umeamkaje, Mzee, naye akatuitikia kila mmoja kwa zamu, kisha akaizunguka kayaki ya manjano. Akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Hii inabeba samaki wangapi?"

Fundi akamwambia haibebi samaki, inabeba watu wanaotaka kuona ziwa.

"Basi mlione polepole," akasema. "Na upepo ukigeuka, tokeni kwenye majani. Visiwa vya hapa vina miguu."

Asubuhi ile ya kwanza sitaisahau. Kayaki inakuketisha chini kabisa, kiuno chako kiko sawa na maji, na mafunjo yanakuinukia pande zote mara mbili ya urefu wa mtu, kila shina likiwa na kichwa chake cha nyuzi kama ufagio uliotimka. Tuliacha kupiga makasia. Ndege mmoja akaita kutoka ndani, mwenzake akamjibu papo hapo, kwa kupokezana kwa karibu hivi kwamba nilidhani ni mmoja. Halafu dume au jike, sijui, akajitokeza kwenye shina: mgongo mweusi, kifua chekundu kabisa, utosi wa manjano. Mwalimu alinishika bega bila kusema neno. Ndege yule haishi mbali na mafunjo. Yakikatwa, hana pa kwenda.

Alasiri ndipo tulipokosea. Tulitaka kumwona nzohe, yule swala wa kwenye kinamasi mwenye kwato ndefu zilizopanuka, tukaingia kwenye ujia mwembamba tukaufuata mpaka ukaishia. Tulipogeuza, ujia haukuwepo. Pande la mafunjo yanayoelea, kubwa karibu nusu ya uwanja wa mpira, lilikuwa limesukumwa na upepo na kuziba tulikotoka.

Mle ndani hakuna upepo. Joto lilitulia juu yetu kama blanketi lililoloa. Fundi alijaribu kusimama juu ya majani ili avute kayaki, akazama mpaka mapajani, tukamvuta kwa jaketi okozi. Kasia lilikuwa likiingia kwenye mizizi na kutoka na tope linalonuka yai bovu. Shemeji, aliyekuwa mtulivu kutuzidi sote, alikusanya chupa zote za maji, akazihesabu, akatugawia kila mtu kiasi chake. Simu yangu ilikuwa na mstari mmoja wa mtandao. Nikampigia Jaduong'.

"Msikate," akasema. "Msihangaike. Ngojeni."

Tulingoja zaidi ya saa tatu. Niliogopa, na niliona Mwalimu naye anaogopa kwa jinsi alivyoacha kuzungumza. Jua lilipokaribia kuzama tulisikia sauti ya mtumbwi upande wa pili, na Jaduong' akatuamkia kwa kupaza sauti kama mtu aliyekuja kututembelea nyumbani. Alikuwa na mwanawe, panga moja na pondo mbili. Panga hakuligusa. Aliketi tu, akangoja pamoja nasi, yeye upande wake, sisi upande wetu, akitusimulia juu ya shule ya wajukuu wake. Kisha upepo wa kutoka Ziwa kuu ukafa. Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu nikahisi ubaridi shingoni ukitoka upande wa nchi kavu, na yeye pia aliuhisi, kwa sababu nilisikia pondo likigonga mizizi. Upenyo wa viganja viwili ulionekana, ukawa wa mkono, ukawa wa kayaki. Kisiwa kizima kilikuwa kinaondoka taratibu, na wale wawili hawakukisukuma sana, walikielekeza tu.

Hakutukemea. Nyumbani kwake tulipewa ugali na osuga, yaani mnavu, iliyotiwa maziwa, na mkewe akatutandikia mikeka tukalala kama mizigo.

Alfajiri Jaduong' aliniamsha mimi peke yangu. Nilikuwa nimemweleza habari za Mama wakati wa chakula. Tulienda kwa mtumbwi wake, ukungu bado umelala juu ya maji, akaanza kuuinua wavu kwa mikono miwili, akiukunja kwenye mapaja. Samaki walikuwa wachache. Alichagua watatu, akawalaza kwenye ubao wa mtumbwi mbele yangu, akamfungua wa kwanza mkia kwa vidole kama mtu anayekunjua kipepeo cha ukili.

Mkia ulikuwa na mistari, mistari ya wima iliyojipanga sawasawa kama ya kitenge. "Nyamami," akasema. Huyo ndiye anayeuzwa kila mahali Kisumu, na watu humwita ngege kwa mazoea, au tilapia.

Akamfungua wa pili. Mkia mtupu. Hapakuwa na mstari hata mmoja, rangi ya kijivu tu iliyoelekea wekundu pembeni. Kichwa kilikuwa kifupi, mdomo mdogo. Samaki mwenyewe hakuzidi kiganja changu na vidole vyake. "Huyu ndiye ngege."

Nilimshika. Alikuwa bado akipumua. Sikujua la kusema, nikasema asante, sijui nikimwambia nani.

Wa tatu alikuwa na mistari iliyofifia, ikianza na kukatika. Jaduong' alimtazama kwa muda mrefu. "Hawa wanaongezeka. Nyamami waliingia humu, wakazaana na ngege. Zamani wavu wangu wote ulikuwa mikia mitupu."

Niliporudi na kumweleza Mwalimu, alikaa kimya, kisha akaniambia kwamba Mwingereza Michael Graham ndiye aliyemwelezea ngege kisayansi mwaka 1928, baada ya kulichunguza Ziwa na uvuvi wake, na jina alilompa, esculenta, ambalo leo huandikwa esculentus, kwa Kilatini maana yake ni anayefaa kuliwa. Wakati huo ngege ndiye aliyekuwa chakula na biashara ya Ziwa zima. Ukuta wa mafunjo ulimzuia mbuta, lakini haukumzuia binadamu anayebeba samaki kwenye ndoo.

Siku iliyobaki na iliyofuata tulikuwa Sare na Usenge. Sare ni pazuri, na kutoka majini unakiona kilima cha Got Ramogi, ambako wazee wanasema Ramogi alikaa alipofika na watu wake. Usenge tulitaka kutoka na kayaki mpaka Ziwa kuu, wavuvi wakatukataza kwa sababu mawimbi ya alasiri yalikuwa yameshaanza, na baada ya yale ya Kanyaboli hatukubishana. Usiku tulitazama taa za wavuvi wa omena, yaani dagaa, mbali majini. Shemeji alituandikia siku za kwenda kupimwa kichocho na kunywa dawa, akatufuatilia mmoja mmoja mpaka wote tukaenda.

Tuliporudi tulipitia kwa Jaduong' mapema sana. Alikuwa ameniwekea ngege wawili, mikia mitupu wote, wamefungwa kwa majani mabichi ya mgomba na kuwekwa kwenye karai lenye maji. Alikataa pesa ya hao wawili. Akapokea ya mafuta ya taa na sukari.

Nilifika kwa Mama kabla ya saa nne. Nilimwekea sinia mapajani bila maelezo. Alifungua majani, akamgeuza samaki ubavu, kisha akafanya kile kile alichofanya Jaduong': akaufungua mkia kwa vidole na kuunyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

"Umemtoa wapi?"

"Kanyaboli, Mama."

Hakuniruhusu kuwasha gesi. Aliteremsha chungu, akatia makaa kwenye jiko, akawachemsha kwa maji na chumvi na nyanya moja, bila mafuta. Alipokula alianza na kichwa, akimung'unya mfupa hadi mwisho, na mimi akanimegea. Nyama yake ni laini na ina utamu ambao nyamami hana. Ndivyo nilivyoonja mimi.

"Ni yeye," Mama akasema. "Lakini ni mdogo. Wa baba walikuwa wanazidi sahani." Akanawa vidole. "Wavu wake una macho gani huyo mzee?"

Sikuwa nimeangalia. Nilikuwa nimetazama mikia tu.

"Mpigie."

Nikampigia, Mama akaichukua simu. Walianza kwa salamu, kisha mzee akamuuliza ni nyar wapi, yaani binti wa wapi, naye akajibu ni nyar Asembo, akamtajia jina la baba yake na ufuo aliokuwa akivulia. Baada ya hapo wakaingia kwenye nyavu. Alimuuliza anavua miezi gani, anawaachaje wenye mayai mdomoni, na kwa nini vijana wanaachiwa kutega kwenye mazalia. Ngege wa pili, aliyekuwa amemmega nusu tu, alikuwa anapoa kwenye sahani. Nilitaka kumkumbusha, nikanyamaza.

"Inchi tano," alikuwa akimwambia. "Baba hakushusha chini ya hapo." Na akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yake, vidole vinne vikiwa vimeshikamana, kumwonyesha upana wa jicho la wavu.