Umbali na muda wa ndege kati ya viwanja viwili

Umbali ni hesabu ya dakika mbili. Mitego iko kwenye muda.

Chukua latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili, ukokotoe duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, kwa nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Jibu likitoka la ajabu, mara nyingi sababu ni hizi: umesahau alama ya kutoa kwa magharibi au kusini, umeandika 40°38′ kama 40.38 badala ya 40.63, au umeipa Excel digrii wakati inataka radiani, kipimo kingine cha pembe. Ramani bapa usiiamini. JFK ya New York na Barajas ya Madrid ziko karibu latitudo moja, lakini ukifuata latitudo hiyo utasafiri kama kilomita 5,930, ilhali duara kuu, linalopindia kaskazini, ni kama 5,770. Kagua pia kipimo cha umbali: maili ya baharini ni kilomita 1.852, ya nchi kavu 1.609.

Mwendo wa angani ni karibu kilomita 900 kwa saa kwa ndege kubwa za masafa marefu, na kama 830 kwa ndege ndogo zaidi kama Airbus A320 au Boeing 737. Gawanya, kisha ongeza nusu saa ya kupaa, kushuka na kuzunguka uwanjani. Kwenye viwanja vyenye foleni, ongeza zaidi. Muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inapoegeshwa tena, ndiyo maana safari fupi huonekana ndefu kupita kiasi.

Halafu kuna upepo, na hapa ndipo wengi hukosea: hudhani kwamba dakika ambazo upepo unakula wakati wa kwenda utazirudisha zote wakati wa kurudi. Haurudishi. New York hadi Heathrow ya London ni kama kilomita 5,550. Kwa mwendo wa 900 bila upepo, ni saa 6 na dakika 10 angani. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukikusukuma kutoka nyuma, unaokoa dakika 37. Ukikukabili, unapoteza 46, kwa kuwa unakaa ndani yake muda mrefu zaidi. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi, tena huongezeka nguvu majira ya baridi. Basi usikadirie kurudi kwa kutazama kwenda.

Mwisho, saa za tiketi ni za kila mahali penyewe. Zigeuze zote ziwe UTC, saa moja ya pamoja ya dunia nzima, kabla ya kutoa. Kuondoka New York 19:00 na kufika London 07:00 si saa 12, ni 7, kwani tofauti ni saa 5. Ila Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Katikati hapo tofauti ni saa 4, na safari ileile ya saa 7 inafika 06:00.