Pini ya kichwa cha njano

Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka sita. Jioni ile ya Machi 2014 alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka anachora, nami napita kutoka kwenye cherehani kwenda jikoni na kurudi. Akainua uso akaniuliza, "Mama, umekanyaga damu ya nani?"

Nikatazama sakafu. Kila mguu wa kulia ulipotua palikuwa na doa, mengine yamekauka, mengine mabichi. Nikakaa kwenye kigoda, nikageuza unyayo. Pini ya kushonea ilikuwa imezama yote chini ya kidole gumba, kimebaki kichwa chake cha njano tu, kama kifungo kwenye shati. Pini za njano nilizitumia asubuhi, nilipokuwa nabana gauni la bibi harusi wa Yombo. Tangu mchana nilikuwa natumia nyeupe. Kwa hiyo nilikuwa nimetembea nayo tangu asubuhi, nimeenda nayo gengeni, nimerudi nayo, nimekanyaga cherehani nayo.

Nikaichomoa kwa meno ya mkasi. Sikusikia chochote. Hapo ndipo nilipoogopa.

Sukari yangu iligunduliwa 2009. Miguu ilianza kunisumbua kama miaka miwili baadaye. Kwanza nilihisi nimevaa soksi ambazo sikuzivaa. Halafu wadudu wakaanza kutembea vidoleni. Halafu moto. Mchana ganzi, usiku moto, na watu hawalielewi hilo. Mume wangu aliwahi kuniuliza, tena kwa upole, "Sasa mguu uliokufa ganzi unaumaje?" Sikuwa na jibu. Kwenye zahanati moja niliambiwa sukari ndivyo ilivyo, nizoee. Dada yangu wa Mbagala yeye alikuwa na uhakika kwamba nimekanyagishwa kitu, na hata aliyekitega mlangoni alimjua. Tukaenda kwa mganga. Nikawekwa miguu kwenye beseni la maji ya majani, yanatoa mvuke, nikaona ni ya uvuguvugu. Nilipoitoa, ngozi ilikuwa na malengelenge hadi kwenye vifundo. Sikurudi tena, lakini pia sikumwambia mtu yeyote kwamba maji yale sikuyahisi. Nilianza kuficha.

Kesho yake baada ya ile pini nikapanda daladala alfajiri Tandika kwenda hospitali kubwa. Nilipofika benchi la nje ya chumba cha daktari lilikuwa limejaa, ila mzee mmoja mwenye kofia ya viua akajisogeza akanipa nafasi. Nilichokiona kwanza ni viatu vyake. Joto la Machi, jiji zima limevaa ndala, yeye kavaa viatu vya kufunika, vipana, na soksi nene.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Miguu?"

"Miguu."

Akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna muuguzi, daktari wala ndugu aliyewahi kuniuliza: "Usiku, shuka unalivumilia?"

Nikamtazama. Kwa miezi nilikuwa nalala na boksi la karatasi miguuni, nimelikata pande mbili ili shuka lipite juu yake lisiniguse. Shuka la pamba, jepesi, lililofuliwa mara mia, likinigusa vidole lilikuwa kama kaa la moto. Mume wangu nilimwambia boksi ni la kuinua chandarua. Nikaanza kulia pale kwenye benchi, mbele za watu, na nikashindwa kunyamaza.

"Mimi naweka ndoo," mzee akasema, kana kwamba tunazungumzia mapishi. "Naikata ubavu."

"Mimi kreti la soda," akadakia mama aliyekaa upande wa pili. "Usilie mdogo wangu. Kreti ni zuri zaidi, haliporomoki."

Mama huyo alikuwa anauza samaki Feri. Yeye hakuwa na sukari. Miguu yake iliharibiwa na stavudini, dawa ya ARV aliyoanzishiwa zamani, na alilisema hilo bila kushusha sauti wala kuangalia nani anasikia. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache dawa hiyo kwa sababu ya madhara kama yale. Alikuwa amebadilishiwa, lakini moto wa miguuni ulibaki. "Dawa ile ilinipa uhai," alisema, "ikachukua miguu. Siilaumu. Ila nataka mtu aniulize habari za miguu."

Pembeni yake alikaa kijana mbeba mizigo wa Kariakoo, aliyekuwa anatumia dozi ya TB. Isoniazidi, moja ya dawa za TB, humaliza vitamini B6 mwilini, na mishipa ya fahamu huumia ikiikosa. Alikuwa ameanza kupewa vidonge vya vitamini hiyo, na vidole vilikuwa vinarudi. Nilimwonea wivu, nasema kweli. Kijana mwenyewe aliona haya kusema kwamba anapata nafuu.

Pale ndipo nilipojifunza kwamba ugonjwa wangu wa miguu, huu wa kuumia mishipa ya fahamu, una njia nyingi za kuingilia. Mzee ndiye aliyenieleza kwa nini huanzia chini. Alikuwa amestaafu bandarini, basi akaeleza kwa kamba za meli. Mishipa inayotoka kiunoni hadi vidole vya miguu ndiyo mirefu kuliko yote, akasema, na kamba ndefu ina sehemu nyingi za kulika. "Wewe ganzi imefika wapi?"

Nikamwonyesha, chini kidogo ya goti.

Akanyamaza. Kisha akaitazama mikono yangu. "Kazi yako nini, mwanangu?"

"Fundi cherehani."

"Mwambie daktari hilo kabla hujamwambia kitu kingine. Ikifika magotini, vidole vya mikono huanza kufuata. Na akikupima usikisie. Wengi wanabahatisha ili wamfurahishe daktari. Hujahisi, nyamaza."

Hakuna maneno yaliyonisaidia siku ile kuliko hayo. Ndani, daktari alitoa uzi mgumu wa nailoni ulioshikizwa kwenye mpini, unaofanana na mshipi wa kuvulia. Ukibanwa kwa nguvu ya gramu 10 unapinda. "Funga macho. Ukihisi, sema ndiyo." Nikafumba. Kulikuwa na kimya kirefu. Nilijua ananigusa kwa sababu nilikuwa nasikia shati lake likichakacha anapoinama, na kila lilipochakacha ulimi ulitaka kusema ndiyo. Nikajizuia. Mguu wa kushoto nilisema ndiyo mara tano kati ya kumi. Wa kulia mara mbili.

Nilipofumbua macho daktari alikuwa anaandika. Nikamwambia mimi ni fundi. Nikamwambia habari ya pini, na ya boksi, na ya beseni la mganga. Akaacha kuandika akanisikiliza. Aliniandikia amitriptilini ya kumeza usiku, nianze na nusu kidonge, akanieleza wazi kwamba dawa ile inapunguza moto tu, hairudishi hisia. Kinachozuia ganzi isipande ni kuitawala sukari.

Nilipotoka wenzangu walikuwa hawajaondoka. Mama wa Feri alikuwa ameshaonana na daktari kabla yangu, ila alinisubiri. Akachukua karatasi yangu ya dawa akaisoma. "Hii inakausha kinywa kama umefunga na saa ni kumi jioni. Asubuhi utaamka mzito. Usiiache kwa sababu hiyo, na siku mbili hazitoshi kuijua." Mzee akanitaka nivue ndala. Akaziangalia, akanirudishia. "Hizi basi. Hata ndani. Na kiatu kabla hujakivaa, kwanza kiingize mkono. Mimi nilitembea na funguo ya kabati siku nzima." Kijana akaongeza la kioo: ukiweke sakafuni kila usiku, uuangalie unyayo. Mimi nikasema kwangu sakafuni kuna pini, nitahamishia cherehani kona moja na kuzungushia mkeka. Ilikuwa mara ya kwanza na mimi kuchangia kitu, wakakubali kwa vichwa.

Tukaandikiana namba. Masharti aliyaweka mama wa Feri: "Ukiamka usiku, bipu. Usipige, salio ni la dawa. Aliye macho atabipu."

Usiku ule nilimeza ile nusu. Mume wangu nilimwambia kweli kuhusu boksi. Hakusema kitu, alilichukua akalikata upya pembe ili lisimkwaruze na yeye, akaliweka miguuni pangu, akalala. Saa nane moto ukaanza. Niliketi gizani, umeme umekatika, pangaboi limesimama, natazama miguu ambayo kwa nje haikuwa na lolote. Nikachukua simu. Niliona haya kidogo. Nikabipu mama wa Feri, mlio mmoja, nikakata.

Nikasubiri. Simu ikawaka mkononi, ikalia mara moja, ikakata. Ni yeye. Nikaiweka kifuani.

Kabla haijazima mwanga ikawaka tena. Mzee wa bandarini. Huyu nilikuwa sijambipu.