Tulivyoifukua Lantana Karura

Jumamosi iliyopita tuliingia Msitu wa Karura kupitia lango la Barabara ya Limuru tukiwa watu 18, wengi wetu wakazi wa mitaa ya jirani hapa Nairobi, tukiwa tumebeba majembe, sururu na glavu nene ili kung'oa lantana iliyojaa mahali palipobaki wazi baada ya mikaratusi kukatwa.

Mmea huu asili yake ni Amerika ya kitropiki, nao ulisambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake madogo, ya manjano, machungwa na waridi katika kichala kimoja. Watu waliupanda kuwa ua wa nyumba. Ndege wakala matunda yake meusi na kudondosha mbegu kila walikotua. Ukishapata jua hufungamana ukawa kichaka kizito ambacho chini yake miche ya miti ya asili haipati mwanga, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe.

Nilipojiunga na kazi hii kwa mara ya kwanza nilifyeka mashina kwa panga, nikarudi nyumbani nimeridhika, lakini mvua za vuli ziliponyesha kila kisiki kilichipua upya, tena kwa matawi mengi kuliko yale niliyoyakata. Sasa ninafukua. Sururu hupigwa pembeni mwa shina mpaka udongo ulegee, kisha watu wawili huvuta pamoja hadi mzizi utoke, na mashina hurundikwa mizizi ikiwa juu ili ikauke kabla ya kushika ardhi tena. Shina lake lina pembe nne na vimiba vidogo vinavyopenya glavu nyepesi, na harufu kali ya majani yaliyopondeka hubaki mikononi hadi jioni.

Kugumu zaidi ni kutambua cha kuacha. Bibi mmoja tuliyekuwa naye, ambaye sote tunamwita Shosho, alinishika mkono nilipokuwa nimekwisha kuinua jembe.

"Polepole, mjukuu wangu. Geuza hilo jani kwanza."

Nikaligeuza, upande wa chini ulikuwa mweupe kana kwamba umepakwa unga. Ulikuwa mche wa muhugu, haujafika gotini, umepinda ukitafuta mwanga. Muhugu hukua taratibu mno, na kwa kuwa mbao zake ngumu hupendwa sana na wachonga vinyago, umekatwa hadi ukawa adimu. Nilishtuka kwa jinsi nilivyokaribia kuumaliza, hasa katika msitu huu ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 walipokuja kupanda miti kupinga unyakuzi wa ardhi yake. Tuliweka majembe chini, tukaiondoa lantana iliyouzunguka mche huo kwa mikono.

Tumechomeka kijiti chenye kitambaa chekundu kando yake. Tutarudi mvua zikishanyesha, kwa maana mbegu zilizobaki udongoni zitakuwa zimeota, na lantana ikiwa bado ndogo hung'oka kwa vidole viwili tu. Atakayependa kuja avae shati la mikono mirefu na viatu vya kufunika miguu, na asiinue jembe kabla ya kumwonyesha Shosho jani.