Mandvi, mji wa mlangoni mwa mto

Ukitaka kuielewa Mandvi, anza na mto. Mji huu uko kusini mwa wilaya ya Kutch, jimbo la Gujarat nchini India, pale Rukmavati unapoingia kwenye ghuba. Sensa ya 2011 iliukuta na watu 51,000 na ushei. Rukmavati ni mto wa msimu: mvua za Juni hadi Septemba zikishapita, maji ya mlangoni ni ya bahari tu, yanajaa na kupwa.

Kwangu, tabia yote ya Mandvi imetokana na kina kifupi cha mlango huo wa mto. Ukingoni mwa mto, mjini kabisa, mafundi wangali wanaunda vyombo vya mbao, na unaweza kupita barabarani ukaona mkuku (uti wa chini wa chombo) na mataruma (mbavu zake) vimesimama juu kuliko nyumba za jirani. Mbao hukazwa kwa misumari na bolti za chuma, kisha maungio hukalafatiwa, yaani huzibwa, kwa nyuzi za pamba. Pamba ikishindiliwa ovyo, chombo kitavuja tangu siku ya kwanza. Kazi ya chombo kikubwa huchukua miaka miwili au zaidi, na mwisho wake hauamuliwi na fundi: lazima bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, ije. Ikipita chombo hakijaelea, ni kungoja kama wiki mbili hadi bamvua nyingine.

Kina hichohicho kiliiponza bandari. Majahazi yaliingia bila shida, meli kubwa za mvuke hazikuweza, na biashara ikahamia Bombay na Karachi. Kabla ya hapo, vyombo vya Kutch viliteremka na kaskazi hadi Unguja na kurudi na kusi, ndiyo maana Wahindi wengi wa Unguja ya karne ya 19 asili yao ni huku, na Kikutchi kingali kinazungumzwa Mombasa na Dar es Salaam.

Kwa anayekwenda: Mandvi haina reli. Shuka Bhuj, kisha panda basi, kama kilomita 60 kuelekea kusini. Novemba hadi Februari ndiyo miezi mizuri. Mei jua ni kali mno. Saa za huko ziko mbele ya zile za Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Na usiondoke bila kula dabeli, chakula kilichoanzia hapahapa: mkate laini uliojazwa viazi vya kupondwa vyenye viungo, chatne ya ukwaju, karanga na punje za komamanga. Ile ya kukaangiwa mkate kwa siagi mbele yako ndiyo yenyewe.