Sufuri ya Nani?

"Baba, mbona leo feri iko chini hivi?"

Mwanangu aliniuliza Jumamosi pale Likoni, gari la mbele yetu likikwaruza tumbo kwenye mteremko. Nikamwambia ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na sasa yamekupwa. Akatosheka. Mimi ndiye niliyerudi, kwa mawazo, kwenye chumba kimoja cha feni mbovu, miaka ya nyuma.

Nilikuwa na miezi minne kazini, na kichwa kikubwa. Kazi yenyewe: kuiga kwenye kompyuta zoezi la kijeshi, boti zishushe askari ufukweni na kurudi kuchukua wengine. Zitoshe ngapi, zianze saa ngapi? Niliendesha modeli mara elfu moja, nikibadilisha upepo, mawimbi, injini kufa. Jibu likaja na grafu za rangi: saa tatu asubuhi, boti zote zinavuka mwamba.

Afande mmoja wa makamo, aliyekuwa kimya muda wote akikoroga chai iliyokwisha poa, akainua kijiko akaelekeza grafu zangu ukutani.

"Kijana, hii sufuri yako ni sufuri ya nani?"

Nilifungua mdomo. Feni ikalia krr, krr. Kimo cha mwamba nilikitoa kwa wapima ardhi, wanaohesabu kutoka usawa wa wastani wa bahari. Maji niliyatoa kwenye jedwali la kujaa na kupwa, ambalo sufuri yake iko karibu na kupwa kwa chini kabisa. Baina ya sufuri hizo mbili, hapa kwetu, kuna karibu mita mbili. Siku ya bamvua, saa tatu, mwamba wangu ungekuwa mkavu, watu wakiokota pweza. Mara elfu moja kompyuta ilikosea, na mara zote kwa uhakika.

"Nitaangalia, afande," nikasema. Kijiko kikarudi kikombeni.

Baadaye nilisoma kuhusu Tarawa, kisiwa cha Pasifiki, Novemba 1943: boti za Wamarekani zilikwama mwambani, askari wakatembea majini chini ya risasi. Katika vita hivyohivyo, Doodson wa Liverpool, mtaalamu wa kujaa na kupwa, alikokotoa maji ya Normandy, Ufaransa, kwa ajili ya uvamizi wa 1944, kwa mashine ya magurudumu na kapi, bila kuambiwa ni ufuo gani.

Zoezi letu lilihamishiwa alasiri. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo linalonisumbua. Mpaka leo sijui kama yule afande aliliona kosa langu, au ni swali analomuuliza kila anayekuja na grafu.