Mnyoo Asiyeweza Kurefuka

Aliyewahi kulima amemwona nyungunyungu akijivuta: hurefuka akawa mwembamba, kisha hufupika akanenepa. Askaris, mnyoo mviringo wa utumboni ambaye jike lake huweza kufikia sentimita 30, hana uwezo huo, kwa sababu misuli ya ukuta wa mwili wake yote imelala kwa urefu, kutoka kichwani hadi mkiani, wala hakuna hata mmoja unaouzunguka. Anachoweza ni kujipinda tu, na kwangu mimi hapo ndipo ulipo ufundi wa umbile lake.

Msuli uliojikunja hauwezi kujinyoosha wenyewe. Lazima kiwepo cha kuuvuta. Sisi tuna mifupa. Yeye ana ngozi ngumu ya kolajeni (protini yenye nyuzi imara) iliyojaa umajimaji uliobanwa, mithili ya tairi la baiskeli lililojazwa upepo. Mwaka 1957 watafiti Harris na Crofton walipima shinikizo hilo ndani ya askaris, wakapata wastani wa milimita 70 hivi za zebaki. Shinikizo hilohilo huutaka utumbo wake ujifunge, ndiyo maana koromeo lake lina misuli ya kusukuma chakula ndani kwa nguvu.

Mwendo wenyewe huonekana vizuri zaidi kwa Caenorhabditis elegans, mnyoo wa milimita moja anayepitisha mwanga, ambaye ramani ya seli zake 302 za neva ilichapishwa mwaka 1986. Akiwekwa juu ya agari, ute mgumu wa maabara, hulala ubavu, akajipinda upande wa mgongo na wa tumbo kwa zamu, na wimbi hilo likishuka kuelekea mkiani yeye husonga mbele, akiacha nyuma yake alama ya mawimbi. Jambo la kushangaza ni kwamba neva haziifuati misuli. Ni seli za misuli zinazonyoosha mikono yao hadi kwenye uzi wa neva kupokea amri. Amri hizo ni kemikali zinazotolewa na neva: asetilikolini huukaza upande mmoja, na GABA huulegeza ule wa pili.

Dawa za minyoo zilipata mlango hapo. Levamisoli huiga asetilikolini, misuli yote ikakazana kwa pamoja, mnyoo akakakamaa; piperazini huiga GABA, naye akalegea kabisa. Kwa vyovyote vile hawezi tena kujipinda ili ashindane na msukumo wa utumbo, na hutoka na kinyesi, mara nyingine akiwa bado hai.